Je, Yafaa Kuweka Akiba ya Macho?



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja, nalo ni kutoa macho ya mtu aliyekufa ili aliye hai apate kuona. Rai yangu nitaisema mapema, msomaji asipate taabu ya kunitafuta nyuma ya maneno. Naona yafaa, tena tumechelewa. Mji mkubwa kama Kampala wapaswa kuwa na nyumba yake ya kuhifadhi macho yaliyotolewa na watu wake, kama ulivyo na nyumba ya kuhifadhi damu kule Nakasero, na sisi tuliosoma twapaswa kuwa wa kwanza kuandika majina.

Mimi si daktari, wala sikusoma habari za mwili zaidi ya zile tulizofundishwa darasani. Kazi yangu ni ufundi wa mafriji, na karakana yangu ipo Kamwokya, mwendo mfupi toka Jumba la Makumbusho la Uganda. Lakini jambo hili, ukiliondolea machozi, nusu yake ni kazi ya baridi, na katika kazi ya baridi nadhani nina haki ya kusema.

Kwanza tuelewane maneno. Mbele ya jicho, juu ya mboni, pana kioo chembamba kiitwacho konea. Unene wake wapata nusu milimita tu, wala hakina mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo maana nuru hupenya. Kikiunguzwa na chokaa, kikikwaruzwa na kijiti kikaingia vijidudu, kikipata madhara ya surua kwa mtoto aliyekosa vitamini A, au kikisuguliwa miaka mingi na kope zilizogeuka ndani kwa trakoma, huota kovu jeupe. Wazee wa pwani huliita chamba cha jicho. Chamba si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hukaa nyuma ya mboni, na madaktari humtoa kila siku na kutia lenzi iliyotengenezwa kiwandani. Konea za kutengenezwa zipo, lakini hufaa kwa wagonjwa wachache tu. Aghalabu aliyepatwa na chamba kizito katikati ya jicho hana dawa ila apewe konea ya mtu mwingine, na mtu huyo awe amekwisha kufa. Tena wapo vijana wa rika lenu, ninyi mlio darasani, ambao konea yao hupungua unene na kutuna mbele, hasa wale wenye mzio wa macho wanaofikicha mchana kutwa. Miwani huwasaidia mwanzoni, baadaye lenzi za kuvaa, na baadhi yao huishia kuhitaji konea nyingine. Ama walioharibika mshipa wa fahamu wa jicho kwa glakoma, hao hawasaidiwi na konea hata kidogo. Nasema hivyo mtu asije akaweka tumaini pasipo mahali pake.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwezi wa Desemba mwaka 1905, daktari Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc ulio sasa katika Jamhuri ya Cheki, alimtibu kibarua aliyepofushwa na chokaa. Konea alizipata katika jicho la mtoto wa miaka 11, jicho lililokuwa limeumia na ikabidi litolewe. Jicho moja la kibarua yule likapona, akarudi kazini. Kila nipitapo hapa mtaani nikiona vijana wakikoroga chokaa pasipo miwani, hukumbuka habari hiyo. Lakini Zirm alimpata mtoa na mpokeaji kwa wakati mmoja, na bahati ya namna hiyo haiji kila wiki. Baadaye daktari Vladimir Filatov, wa mji wa Odessa, akaonyesha katika miaka ya 1930 kwamba konea ya maiti nayo hufaa, iwapo jicho limehifadhiwa katika baridi. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, kwa maana maiti hawakosekani katika mji wowote. Mwaka 1944 benki ya macho ya kwanza ikafunguliwa New York.

Sasa naja kwenye ufundi wangu, na wasomaji wasiopenda mambo ya mashine wanisamehe.

Watu wengi hudhani kwamba kuhifadhi ni kugandisha. Mama akitaka nyama ikae, huiweka katika sanduku la barafu. Konea ukiifanyia hivyo umeiua. Katika upande wake wa ndani mna tabaka moja tu la chembe hai, na kazi ya chembe hizo ni kusukuma maji nje mchana na usiku ili kioo kisivimbe kikawa na ukungu. Kwangu mimi ni kama kompresa ya friji. Ikinyamaza, kila kitu huharibika. Mtu mzima ana chembe kama 2,500 katika milimita mraba moja, na zikifa hazizaliwi nyingine. Benki nyingi za macho hukataa konea yenye chembe chini ya 2,000. Ukigandisha, maji yaliyomo ndani ya chembe huwa vipande vya barafu vyenye ncha, navyo huzipasua. Kwa hiyo konea hutakiwa ikae katika digrii 2 mpaka 8, hasa penye 4, ndani ya kichupa chenye maji ya dawa na chakula cha chembe. Hapo zamani jicho zima liliwekwa katika chombo chenye unyevunyevu, na baada ya siku mbili hivi halikufaa tena. Mwaka 1974 McCarey na Kaufman wakatoa maji ya dawa yaliyoongeza muda hata siku nne. Yale ya siku hizi huihifadhi konea mpaka siku 14. Nchi nyingi za Ulaya zafanya kinyume, na jambo hili lilinichekesha nilipolisoma: wao huitia konea katika joto la digrii 31 mpaka 37, kama joto la mwili, nayo hukaa wiki nne. Njia hiyo yataka maabara kubwa na watu wa kuangalia vijidudu kila mara, kwa hiyo sidhani kama tuanze nayo.

Nimesikia watu wakisema, "Umeme wetu unakatika, mtahifadhije macho?" Neno hili nalijibu kwa ujasiri. Digrii 2 mpaka 8 ndizo digrii za chanjo za watoto, nazo zimehifadhiwa katika vijiji vya Uganda kwa miaka mingi. Yapo mafriji ya chanjo yenye kuta za barafu, ambayo umeme ukikatika hushika baridi siku nzima na zaidi. Yapo mengine yanayoendeshwa na jua. Kinachoharibu baridi aghalabu ni mtu. Katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, niliitwa kutengeneza friji ya chanjo, nikakuta chupa sita za soda na bakuli la maharagwe limefunikwa kwa sahani, na kipimajoto kimelala chini ya maharagwe. Kompresa ilikuwa nzima kabisa. Yule aliyenionyesha friji aliniuliza kama nina kifungua chupa.

Basi friji si tatizo. Tatizo ni saa zinazopita kabla konea haijafika katika friji. Inapendeza ichukuliwe mapema, na benki nyingi huweka mpaka wa saa 12 hivi baada ya mauti, au zaidi kidogo ikiwa maiti amewekwa penye baridi. Katika muda huo hapana budi mtu apige simu, fundi wa macho aje, jamaa waulizwe, damu ya marehemu ichukuliwe ikapimwe Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Kukata konea yenyewe hakuchukui saa nzima. Hawahitaji kulitoa jicho lote. Huchukua kile kioo na ukingo wake mdogo, kisha huweka kitu cha plastiki chini ya kigubiko cha jicho, na anayekuja kumwaga marehemu haoni tofauti usoni. Wala haidhuru kama marehemu alikuwa mzee, au alivaa miwani, au alikwisha kutolewa mtoto wa jicho. Watapima na kuamua. Kundi la damu halitazamwi sana katika kazi hii, kwa sababu konea haina mishipa ya damu.

Sasa fikiri jinsi mtu anavyokufa katika mtaa kama wetu wa Kamwokya. Hapa pana watu wa kila kabila: Waganda, Waacholi, Wanyankole, Wagisu, Wanubi, hata sisi tuliotoka pwani. Mtu akifa usiku, asubuhi jamaa wamekwisha kukusanya fedha za gari la kumpeleka kwao, Masaka au Gulu au Mbale. Akiwa Mwislamu, huzikwa siku iyo hiyo. Katika fujo ile ya maturubai, simu na kilio, ni nani atakayesimama na kusema, "Ndugu zangu, je, mwaonaje tukitoa macho yake?" Atapigwa. Nami simlaumu atakayempiga, maana swali hilo likiulizwa kwa mara ya kwanza siku ya msiba huwa tusi. Latakiwa liwe limeulizwa na kujibiwa miaka kumi nyuma, na mwenye macho mwenyewe, akila ugali wake.

Wengine watasema dini yakataza. Mimi si padri wala shehe, lakini niliyoyasoma nitayataja. Tarehe 28 Februari 1956 alifariki Milano padri mmoja aliyeitwa Carlo Gnocchi, aliyejulikana kwa kuwatunza watoto walioumizwa na vita. Kabla ya kufa aliagiza konea zake wapewe vijana wawili vipofu. Katika Italia ya siku zile sheria ilikuwa bado haijaruhusu jambo hilo, lakini madaktari walifanya, na vijana wale wakaona. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Papa Pius wa 12 alizungumza na chama cha watoaji wa konea, akaeleza kwamba kutoa si kosa kwa heshima ya maiti. Mwaka uliofuata Italia ikatunga sheria. Kwa upande wa Waislamu, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikutana Jidda mwaka 1988, likasema yaruhusiwa kuchukua kiungo cha maiti kwa ajili ya aliye hai mwenye haja nacho, kwa ridhaa ya marehemu au warithi wake, na likakataza kabisa kukiuza. Najua wapo masheikh wasioafiki. Aulizaye na amwulize sheikh wake, lakini amwulize, asimsingizie jibu.

Mfano unaonipendeza zaidi watoka Sri Lanka, na sababu ni friji. Mwaka 1958 kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, Hudson Silva, aliandika katika gazeti la kwao akiwaomba watu watoe macho yao. Hakuwa na jengo wala fedha. Macho ya kwanza yaliwekwa katika friji ya nyumbani kwake. Mwaka 1960 mama yake mzazi alifariki, na macho ya mama huyo yakampa kuona mtu maskini. Mwaka 1961 chama kikaanzishwa, na mwaka 1964 wakapeleka macho Singapore yakiwa katika barafu. Toka siku hiyo kisiwa kile, ambacho hakina utajiri mkubwa, kimepeleka konea kwa maelfu katika nchi nyingi za dunia. Alipofariki rais wao wa zamani, J. R. Jayewardene, mwaka 1996, macho yake yalitolewa kama ya raia wengine. Nauliza, je, watu wa Sri Lanka hawalii msibani? Hawana mila? Wanazo, lakini yule kijana aliwaambia mapema.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Ethiopia ina benki ya macho mjini Addis Ababa tangu mwaka 2003, inayopokea konea za Waethiopia wenyewe. Nairobi, katika hospitali ya macho ya Lions iliyo Loresho, kuna benki pia, ingawa Kenya nayo imetegemea sana konea ziletwazo na ndege toka ng'ambo. Utegemezi huo ndio unaonisumbua. Konea yenyewe haiuzwi, lakini gharama za kuitayarisha, kuipima na kuisafirisha hulipwa na mgonjwa, na mchuuzi wa ndizi wa soko la Kamwokya hawezi. Zaidi ya hayo, siku 14 za konea zinakwenda mbio ikiwa siku kadhaa zimeliwa na upimaji na safari. Hata kwa dunia nzima hazitoshi: madaktari waliohesabu hali ya mwaka 2012 katika nchi nyingi walikuta kwamba palipatikana konea moja kwa kila watu 70 waliohitaji. Atakayengoja masalio ya wengine atangoja sana.

Sheria ya Uganda nayo si kizuizi tena. Bunge lilipitisha sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwezi wa Desemba 2022, na Rais akaitia sahihi Machi 2023. Imeunda baraza la kusimamia, na imekataza kuuza na kununua viungo kwa adhabu kali. Desemba 2023 Mulago ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza katika nchi hii, jambo ambalo zamani lilimpeleka mgonjwa India. Ikiwa figo imewezekana, ambayo ni kazi kubwa zaidi, sioni kwa nini macho yabaki nyuma.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda wengine hawatalipenda. Hofu ya wizi wa viungo si upuuzi wa watu wasiosoma. Watu wa mtaani wetu wameona mambo mengi yaliyotolewa kwa ajili ya maskini yakiishia kwa wenye nguvu, na kwa hiyo wakisikia neno "macho" hushika watoto wao mkono. Kamwokya na Kololo zimepakana. Upande mmoja nyumba za mabati na mitaro wazi, upande wa pili majumba ya mabalozi. Macho ya Kamwokya yakiwa yatavuka barabara tu, na yasirudi, mimi nitakuwa wa kwanza kulifuta jina langu. Benki ya macho iwe na daftari ambalo mtu aweza kuliona: konea ngapi zimeingia, ngapi zimetupwa na kwa nini, ngapi zimeshonwa, na foleni imekwendaje. Majina yafichwe, hesabu isifichwe. Pasipo daftari hilo hata friji nzuri ya namna gani ni kabati tu.

Yapo pia maneno ya watu wenye busara, wasemao kwamba fedha hizi zingefaa kuzuia upofu kwanza. Hao nawaheshimu. Dk. Simon Arunga na wenzake wa Mbarara walichunguza wagonjwa wenye vidonda vya konea wa magharibi ya Uganda, wakaona kwamba wengi walichelewa kufika hospitali, na wengi walikuwa wamekwisha kutia dawa za majani machoni. Kijana aliyeingiwa na kibanzi cha makapi akifika kwa daktari siku iyo hiyo, pengine hatahitaji konea ya mtu maisha yake yote. Chanjo ya surua ni bora kuliko kushona. Lakini aliyekwisha kuwa na chamba tumwambieje? Kwamba alizaliwa kabla ya mpango? Tena konea mpya yataka matunzo, dawa za matone kwa miezi mingi na daktari wa kuondoa nyuzi, nyuzi zilizo nyembamba kuliko unywele. Zahanati zitakazomtunza mtu huyo ndizo zitakazomwahi mwenye kidonda.

Enyi wanafunzi, msidhani haya ni ya wazee tu. Katika Uganda sehemu kubwa ya damu iliyoko Nakasero hutoka katika mikono ya wanafunzi wa sekondari, waliotimiza miaka 17. Kila shule zikifunga, damu hupungua. Na zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, zisifunguliwe zote hadi Januari 2022, hospitali zilitaabika kweli. Damu hukaa katika baridi siku 35, na mwanafunzi hatajua aliingizwa nani. Hakuna anayeona ajabu sasa, lakini bibi zenu waliliogopa jambo hilo kama mnavyoogopa hili. Siwaombi ninyi wadogo kuandika chochote. Nawaombeni mwulize nyumbani wakati wa likizo, kwa adabu, mtu akiwa mzima na ameshiba, kisha mtuandikie katika gazeti hili mlivyojibiwa, hata mkifukuzwa sebuleni. Na Chama cha Wanafunzi wa Zamani nakiomba kiliweke katika mkutano wa mwaka, baada ya hesabu za fedha na kabla ya chakula, maana baada ya chakula hatusikilizi.

Mimi nimekwisha andika barua ya ridhaa yangu, nakala moja ipo kwa mke wangu na nyingine katika droo ya karakana pamoja na risiti za gesi. Mke wangu alicheka, akauliza kama watataka na miwani. Kaka yangu mkubwa yuko Tanga, naye ndiye atakayeamua mambo ya mazishi kwa desturi yetu, bado hajui. Nitamwambia nikienda mwezi wa Desemba.

Mwanafunzi wa zamani,
Kamwokya, Kampala